DATSUN 240Z: JINSI YA KUPIGA ALAIMENTI YA MBELE UKISHAFUNGA SPEA ZISIZO ZA KIWANDANI

Haya wadau, leo tunaingia chini ya gari. Mada ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakata, bonyeza "print" kabisa ukasome nyumbani, au isevu kwenye simu uende nayo gereji.

Kisa ni hiki. Mtu anapata gari la zamani, analipenda kama mtoto, anaagiza koilova, mikono ya chini ya kurekebishika, bushi ngumu, kila kitu kipya kinang'aa. Anafunga. Siku ya kwanza barabarani gari linavuta kushoto, usukani umekaa upande, na baada ya wiki chache tairi la mbele limeliwa ndani mpaka waya zinaonekana. Akienda kwenye mashine ya alaimenti anaambiwa, "Hii gari haina pa kurekebisha, tunagusa tairodi tu." Fundi hadanganyi. Anasoma alichoandikiwa kuhusu gari lilivyotoka kiwandani. Lakini gari lako si lile tena.

Tutatumia mfano mmoja tu, Datsun 240Z. Ukielewa huu, magari mengine mengi ya enzi hizo yenye strati mbele utayaelewa pia, maana kanuni ni ile ile.

GARI LENYEWE

240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969 na ikaendelea hadi 1973, halafu ikafuata 260Z. Japani waliiita Fairlady Z. Injini ni silinda sita za mstari, sisi 2,393, inasukuma magurudumu ya nyuma. Kwa sisi wa Afrika Mashariki gari hili si la kusimuliwa tu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza kwa pointi sawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Na tangu 2003, mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic zilipoanza, ndugu zake bado wanaonekana kwenye vumbi.

Mbele lina strati za MacPherson, ule mfumo ambao shokapu na springi vimekaa pamoja kama nguzo moja. Juu nguzo imefungwa kwenye bodi kwa mauntini ya mpira. Chini imekaa kwenye boljointi iliyo mwisho wa mkono wa chini. Mkono huo umeshikwa kwenye krosimemba kwa bushi moja tu, kwa hiyo peke yake ungeyumba mbele na nyuma. Kinachouzuia ni fimbo inayotoka kwenye mkono kwenda nyuma hadi kwenye chasisi. Hiyo inaitwa fimbo ya T/C. Kumbuka jina hilo, maana chini tutalirudia kwa sababu mbaya.

PEMBE TATU ZA KUJUA

1. KEMBA. Simama mbele ya gari, litazame tairi. Kama kichwa chake kimelalia ndani, kuelekea injini, hiyo ni kemba hasi. Kama kimelalia nje, ni chanya. Kemba hasi kidogo inasaidia tairi kushika barabara kwenye kona. Ikizidi, tairi linaliwa upande wa ndani.

2. KASTA. Sasa litazame gari kwa ubavu. Chora mstari wa kufikirika kutoka boljointi ya chini hadi mauntini ya juu. Mstari ukilalia nyuma kwa juu, ni kasta chanya. Fikiria uma wa mbele wa baiskeli: ule mlalo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe katikati. Kasta ikiwa ndogo gari linatangatanga, ikiwa kubwa usukani unakuwa mzito.

3. TOU. Litazame gari kutoka juu, kama ndege. Matairi yakikaribiana mbele kuliko nyuma, ni tou-ini, yaani yamefunga. Yakiachana mbele, ni tou-auti, yamefungua. Hapa ndipo tairi linapokufa haraka kuliko kote, kwa sababu linaburuzwa kwa ubavu kila mita unayokwenda.

KIWANDANI KULIKUWA NA NINI?

240Z ilitoka na kemba chanya ndogo isiyofika digrii 1, kasta inayokaribia digrii 3, na tou-ini ya milimita 0 hadi 3. Kati ya hizo tatu, fundi alikuwa na uwezo wa kurekebisha moja tu, tou, kwa kuzungusha tairodi. Kemba na kasta zilikuwa zimewekwa na urefu wa vyuma. Zikitoka nje ya kipimo, maana yake kuna kitu kimepinda au bushi imekwisha, na dawa ni kubadilisha hicho kitu.

Ndiyo maana ukifunga koilova ukashusha gari sentimita 4 halafu ukakimbilia kuzungusha tairodi, umetibu homa ukaacha malaria.

SPEA MPYA NA KAZI YA KILA MOJA

- SAHANI ZA KEMBA. Zinakaa juu ya strati badala ya mauntini ya mpira. Unalegeza boliti, unasukuma kichwa cha strati ndani au nje, kemba inabadilika. Nyingine zinasogea pia mbele na nyuma, kwa hiyo zinagusa kasta.

- MIKONO YA CHINI YA KUREKEBISHIKA. Ukiurefusha mkono, unasukuma chini ya tairi kwenda nje, kemba inakwenda upande wa hasi. Kwa strati ambayo kutoka boljointi hadi juu ni kama sentimita 60, kusogeza milimita 10 ni sawa na digrii 1 hivi. Kwa hiyo hapa milimita moja si mchezo.

- FIMBO ZA T/C ZA KUREKEBISHIKA. Hizi ni za kasta. Kwenye Z fimbo imeshikwa nyuma ya gurudumu, kwa hiyo ukiirefusha unasukuma boljointi mbele na kasta inaongezeka. Kwenye magari ambayo fimbo imeshikwa mbele ya gurudumu ni kinyume chake. Usikariri, tazama gari lako.

- KOILOVA. Zinaweka urefu wa gari. Watu wanasahau kuwa urefu ndio baba wa vipimo vyote. Gari likinyanyuliwa, mkono wa chini unaning'inia na kuvuta chini ya tairi ndani, kemba inaelekea chanya. Likishushwa mpaka mkono ulale sawa, kemba inaelekea hasi. Likishushwa zaidi ya hapo, mkono unaanza kupanda juu na tairi linapoteza ile faida ya kulalia ndani kwenye kona. Yaani umelishusha lishike barabara, kumbe linashika kidogo kuliko mwanzo.

- VIPANDE VYA KUSHUSHA BOLJOINTI. Ni vipande vya chuma vinavyokaa kati ya sehemu ya chini ya strati na mkono wa sterini. Vinarudisha mkono wa chini na tairodi kwenye mlalo wake wa asili baada ya gari kushushwa. Bila hivyo, ukipita kwenye tuta gari linajigeuza lenyewe kidogo bila wewe kugusa usukani.

ONYO: FIMBO YA T/C INAUA

Sehemu hii isome mara mbili. Fimbo ya T/C inapita katikati ya kikombe kwenye chasisi, na pande zote mbili za kikombe kuna bushi. Bushi za asili ni mpira laini, na ulaini huo una kazi: mkono wa chini ukipanda na kushuka, fimbo inahitaji kucheza pembe kidogo pale.

Watu wananunua bushi za poliurethani kwa sababu ni ngumu na zinadumu, wanazifunga pande zote mbili, wanakaza mpaka mwisho. Sasa fimbo haina pa kuchezea. Kila tuta, kila shimo, chuma kinapindwa na kurudishwa pale kwenye shingo penye thredi. Chuma kinachopindwa mara elfu kinakatika, hata kama ni kinene. Na hakikatiki gereji. Kinakatika ukiwa mwendoni, mara nyingi ukikanyaga breki, na gurudumu linarudi nyuma ghafla. Hapo usukani unabaki pambo.

Wenye Z duniani wameshalijua hili kwa miaka mingi. Njia salama ni mbili:

a) Poliurethani upande wa MBELE wa kikombe, mpira upande wa NYUMA. Ukikanyaga breki fimbo inasukumwa nyuma, mzigo unaangukia bushi ya mbele, na hiyo ngumu inaubeba. Ule mpira wa nyuma unaiachia fimbo nafasi ya kucheza.

b) Fimbo yenye kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kama bega la mtu. Hii inacheza pembe bila kupinda chuma. Ila kwenye vumbi na tope inahitaji kifuniko cha mpira na kukaguliwa mara kwa mara.

Kama sasa hivi gari lako lina poliurethani pande zote mbili, usisubiri siku ya alaimenti. Litoe barabarani, badilisha.

KABLA YA KUPIMA

Hakuna maana ya kupima gari bovu. Hakikisha haya kwanza:

1. Nyanyua mbele, weka stendi imara (sio tofali, sio gogo), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, angalia beringi na boljointi. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, angalia tairodi endi na reki.
2. Bushi za reki ya sterini ziwe nzima. Reki ikicheza, tou inabadilika kila ukikata kona.
3. Kwenye kila spea ya kurekebishika angalia thredi ngapi zimeingia. Kanuni ya mafundi: urefu ulioingia usipungue mara moja na nusu ya unene wa boliti. Boliti ya milimita 14 inataka angalau milimita 21 ndani. Kama kipimo unachokitaka kinakulazimisha utoe zaidi ya hapo, spea hiyo si ya gari lako.
4. Upepo wa matairi uwe sawa kushoto na kulia.
5. Weka uzito kwenye kiti cha dereva. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na dumu la maji la lita 20 vinatosha, ni kilo 70.
6. Legeza boliti za bushi za mpira za mikono ya chini, na uzikaze kabisa gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, mpira unajisokota ukishusha, unapasuka mapema na unabadilisha urefu wa gari.
7. Fungua kiungo cha upande mmoja cha stabilaiza. Utakirudisha mwishoni, kisivutwe.

VIFAA

Huhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji sakafu iliyolala sawa, jeki na stendi mbili, spana, rula ya chuma yenye milimita, pima maji au simu yenye programu ya kupima mlalo, mshipi wa kuvulia samaki, mabomba mawili yaliyonyooka yenye urefu kupita upana wa gari, na vigae vinne vya sakafuni na grisi. Ubao mfupi ulionyooka wa kuegemeza kwenye rimu utakusaidia pia.

Vigae ni hivi: pakaa grisi uso laini, vibandike viwili viwili uso kwa uso, kisha shusha kila tairi la mbele juu ya jozi yake. Tairi litateleza na kutulia lenyewe. Weka kitu cha unene ule ule chini ya matairi ya nyuma ili gari lisiiname. Bila vigae, ukishusha jeki tairi linang'ang'ania sakafu na kipimo kinakuwa cha uongo. Kama huna, lisukume gari mita kadhaa mbele na nyuma kila baada ya kulishusha.

HATUA KWA HATUA

Mpangilio ni huu, usiuvuruge: UREFU, KASTA, KEMBA, TOU. Sababu ni rahisi. Ukigusa urefu, vyote vinabadilika. Ukigusa kasta au kemba, tou inabadilika. Lakini ukigusa tou, vingine haviyumbi sana. Kwa hiyo tou ni ya mwisho siku zote.

HATUA YA 1: UREFU. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Rekebisha koilova mpaka zilingane. Bonyeza gari mara kadhaa, lirudi, pima tena. Tazama mkono wa chini: kwa gari la barabarani, uache uiname kidogo kuelekea nje au ulale sawa, usipande juu.

HATUA YA 2: KASTA. Kasta haipimwi moja kwa moja, inakokotolewa. Geuza tairi la kushoto digrii 20 kwenda nje (yaani kushoto), soma kemba. Lirudishe ulipeleke digrii 20 kwenda ndani, soma kemba tena. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 1.5. Mfano: nje umesoma chanya 1.0, ndani hasi 1.0. Tofauti ni 2.0. Mara 1.5 unapata 3.0, hiyo ndiyo kasta yako. Fanya hivyo hivyo tairi la kulia, ukikumbuka kuwa nje yake ni kulia. Kuipata ile digrii 20, chora mstari kwa chaki sakafuni kwa kutumia kipimo cha pembe cha mwanafunzi.

Rekebisha fimbo za T/C mpaka pande zote zikaribiane, tofauti isizidi nusu digrii. Ukiongeza kasta, angalia mbele ya tairi: kwenye Z gurudumu linasogea mbele na linaweza kugusa bodi ukikata kona. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili uangalie kabla hujafurahi.

HATUA YA 3: KEMBA. Magurudumu yanyooke. Egemeza ubao kwenye ukingo wa rimu juu na chini, ukikwepa lile tumbo la tairi lililogusa sakafu. Weka simu kwenye ubao usome digrii. Kwanza iweke simu sakafuni pale pale ilale ubavu, isome sakafu ina mwinamo gani, uutoe kwenye hesabu. Huna simu? Tumia pima maji na rula. Kwa rimu yenye kipenyo cha milimita 380 ukingo kwa ukingo, tofauti ya milimita 6.6 kati ya juu na chini ni digrii 1.

Una sahani za juu na mikono ya chini vyote viwili? Weka mikono ya chini urefu sawa kushoto na kulia, halafu malizia na sahani. Usiweke mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi ili tu kupata namba. Namba zitalingana, gari halitalingana.

HATUA YA 4: TOU. Kwanza tafuta katikati ya reki: zungusha usukani mwisho hadi mwisho, hesabu mizunguko, rudi nusu. Funga usukani hapo kwa kamba usicheze.

Sasa mshipi. Chukua yale mabomba mawili, kwenye kila moja toboa au kata alama mbili, umbali kati ya alama uwe sawa kabisa kwenye mabomba yote. Moja liweke mbele ya gari, jingine nyuma, kwa urefu wa katikati ya habu. Funga mshipi kushoto na kulia. Kwa sababu alama ziko umbali sawa, mishipi miwili lazima iwe sambamba. Kisha sogeza mabomba mpaka umbali wa mshipi hadi habu ulingane kushoto na kulia mbele, na ulingane kushoto na kulia nyuma. Usijaribu kulinganisha mbele na nyuma! Upana wa magurudumu ya 240Z mbele ni milimita 1,355 na nyuma 1,345, kwa hiyo nyuma utaona nafasi imezidi milimita 5 kila upande. Wengi hupotelea hapo.

Pima kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Mbele 102, nyuma 101? Tairi hilo limefunga milimita 1. Upande wa pili nao ukiwa milimita 1, jumla tou-ini ni milimita 2. Legeza lokinati, zungusha tairodi robo mzunguko, pima tena uone imeelekea wapi. Zungusha pande zote mbili kiasi kile kile ili usukani ubaki katikati.

Angalizo: milimita 2 kwenye rimu si sawa na milimita 2 kwenye ukingo wa tairi. Tairi la 195/70 R14 lina kipenyo cha karibu milimita 629, rimu ni 380 hivi. Ukimwambia mtu kipimo chako cha tou, mwambie umepimia wapi.

HATUA YA 5: KUFUNGA. Kaza lokinati zote kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari au cha spea. Rudisha kiungo cha stabilaiza. Piga mstari wa rangi juu ya kila nati na chuma kilicho jirani. Nati ikilegea, mstari utakatika na utaona kwa jicho tu.

NAMBA ZA KUANZIA

Hizi ni za kuanzia, gari na tairi vitakupa jibu la mwisho.

LAMI, matumizi ya kila siku: kemba hasi 0.5 hadi 1, kasta 3 hadi 5, tou-ini jumla milimita 1 hadi 2.

VUMBI NA KOKOTO: gari juu, kemba karibu na 0, kasta 3 hadi 4, tou-ini milimita 1 hadi 2. Usilete namba za uwanja wa mbio kwenye barabara ya changarawe.

UWANJA WA MBIO: kemba hasi 2 hadi 3, kasta 5 hadi 6, tou 0. Hapa umekubali kula matairi, usilalamike.

GARI LINASEMA, LISIKILIZE

- Linavuta upande mmoja: kwanza badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia. Likibadilisha upande wa kuvuta, tatizo ni tairi. Lisipobadilisha, tazama kemba na kasta. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi au kasta ndogo zaidi.
- Linavuta ukishika breki tu: anza na breki zenyewe, kisha nenda moja kwa moja kwenye fimbo za T/C na bushi zake.
- Tairi linaliwa ndani tu, uso laini: kemba hasi imezidi.
- Tairi lina makali kama meno ya msumeno ukipitisha kiganja: tou.
- Usukani haurudi katikati: kasta ndogo, au boljointi imekauka.
- Linaruka upande kwenye matuta: mlalo wa tairodi na mkono wa chini haufanani. Angalia vile vipande vya kushusha boljointi.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, naweza kupasha moto strati na kuipinda ili nipate kemba?
Hapana. Usikubali, hata fundi awe mjomba wako. Chuma kilichopashwa moto kimepoteza nguvu yake na shokapu ya ndani haitapanda sawa.

Nikienda kwenye mashine ya alaimenti nimwambie nini fundi?
Mpelekee karatasi yenye namba ZAKO, si za kiwandani. Mwonyeshe wapi pa kurekebisha kemba na wapi kasta. Mwambie tou iwe ya mwisho. Na uombe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Njia ya mshipi inaaminika kweli?
Ukiwa mvumilivu, ndiyo. Timu za mbio zimekuwa zikitumia mishipi porini na uwanjani miaka yote. Rudia kila kipimo mara tatu. Zikipishana zaidi ya nusu milimita, kuna kitu kinacheza, kitafute.

Nimebadilisha rimu tu, pana zaidi. Alaimenti inahusika?
Pembe hazibadiliki, ila tairi likitoka nje usukani unavutwa zaidi na kila shimo, na mzigo kwenye beringi unaongezeka. Kagua kama tairi linagusa fenda gari likibonyea.

Nipime tena lini?
Siku ya kwanza nenda polepole, jaribu breki mahali pa wazi kwa mwendo mdogo, rudi uangalie mistari ya rangi. Kagua tena baada ya kilomita 100. Kisha kila ukigonga shimo la maana, na kila ukifungua kitu chochote mbele.

MWISHO

Z za zamani zilizobaki barabarani hapa kwetu si nyingi, na hakuna kiwanda kinachotengeneza bodi nyingine kwa ajili yako. Spea nzuri zinaweza kulifanya gari liende vizuri kuliko lilivyotoka Japani, lakini kila kitu unachokifanya kirekebishike ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kulegea. Kiwanda kilikuondolea kazi hiyo. Wewe umejirudishia. Basi ifanye.

Wadau wenye Escort, Peugeot 504, Datsun 160J na wengineo, mwageni uzoefu wenu hapo chini kwenye maoni: mmefunga nini, namba gani zimewakubali, na tairi zimedumu vipi. Mwenye swali aliweke na vipimo vyake vya kushoto na kulia, tusije tukabahatisha.

Tuko pamoja.